Chumvi ya Miaka Minane

Binti yangu alikuwa ameshika tochi ya simu, nami nilikuwa nimepiga goti mbele ya rafu ya chini ya stoo, nikijaribu kupenyeza ncha ya bisibisi chini ya mfuniko wa ndoo ambayo haikuwa imefunguliwa tangu mwaka 2019. Mfuniko ulipoachia, ulitoa sauti kavu kama ya kijiti kinachovunjika. Ndani hatukuuona unga mweupe unaotiririka kama nilivyoukumbuka. Tuliona jiwe, lenye uso uliopasukapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na pembezoni, pale lilipogusana na plastiki, palikuwa na utando mwembamba wa maji uliong'aa chini ya mwanga wa tochi.

Aligusa ule utando kwa kidole, akakisugua na gumba, akaniuliza:

"Baba, kwani chumvi huzeeka?"

Nikamjibu kwamba chumvi haizeeki. Nilijibu upesi, kama tunavyowajibu watoto tunapokuwa na kazi mkononi, na jibu hilo likanikosesha raha kwa wiki tano zilizofuata.

## Jibu nililotaka liwe kweli

Ndoo zilikuwa mbili. Nilizinunua siku moja mwaka 2017, kila moja kilo 20, chumvi ya kutengenezea maji ya bahari kwa ajili ya tangi la samaki. Kwa mtu anayeishi Arusha, ambako kwenda kuchota maji Tanga na kurudi ni safari ya siku mbili, chumvi ya namna hiyo ndiyo bahari yenyewe. Ndoo ya kwanza niliifungua na kutumia karibu theluthi yake. Ya pili sikuifungua kabisa. Tulipohama nyumba mwaka 2019 tangi likaondolewa, na ndoo zote mbili zikaingia stoo.

Zingebaki huko kama rafiki yangu wa Moshi asingepata uhamisho wa kikazi. Yeye anafuga samaki wawili wa pwani yetu, Amphiprion allardi, wenye mwili wa kahawia iliyokolea, mapezi ya rangi ya chungwa na mikanda miwili myeupe, ambao baharini huishi katikati ya minyiri ya anemoni, wanyama laini wa baharini wanaofanana na maua. Yule mkubwa ni jike, kwa kuwa katika jamii hiyo ya samaki wote huanza utu uzima wakiwa madume, na anayewazidi wenzake ndiye hugeuka kuwa jike. Rafiki yangu amekaa nao zaidi ya miaka tisa. Aliponiuliza kama ningeweza kuwapokea, nilikubali kabla hajamaliza kusema, kisha nikaketi kupiga hesabu ya tangi, pampu, taa na mawe. Chumvi sikuiandika, kwa sababu nilijua ninayo.

Chumvi hiyo huagizwa kutoka nje, na bei ya ndoo moja mpya ingekula sehemu kubwa ya fedha nilizotenga kwa kazi yote. Ndiyo maana nilianza kuwauliza watu kwa namna ambayo sasa naiona wazi kuwa ilikuwa ni kutafuta wa kuniambia nilichotaka kusikia. Nikampata. Aliniambia kwamba chumvi imekaa ardhini mamilioni ya miaka bila kuharibika, basi itaharibikaje ndani ya ndoo? Mwingine, mtu makini ninayemheshimu, aliniambia nitupe zote mbili bila kujiuliza, kwa sababu zimepitisha miaka mitano.

Nililala na majibu hayo mawili usiku kadhaa kabla ya kugundua kwamba, pamoja na kupingana kwao, wote wawili walikuwa wakizungumzia miaka.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu mfuniko.

## Kopo la bibi

Likizo zangu za utotoni nilizimalizia Pangani kwa bibi yangu, na kila aliyeishi pwani anajua chumvi inavyokuwa wakati wa masika. Chumvi ya mawe, ile inayopimwa kwa kibaba sokoni, hutoa maji. Bibi aliiweka kwenye kopo lililotobolewa chini, akalitundika juu ya meko palipo na joto na moshi, na chini yake akakinga kifuu. Asubuhi kifuu kilikuwa na maji, na ukiyaonja maji hayo ulimi unakutana na uchungu kabla ya kukutana na chumvi.

Uchungu ule ni magnesiamu.

Chumvi safi ya mezani, kloridi ya sodiamu peke yake, haianzi kuvuta maji kutoka hewani mpaka unyevu wa hewa upite takriban asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu huanza kuvuta maji unyevu unapofika kama asilimia 33 tu, na kloridi ya kalsiamu huanza hata kabla ya hapo. Chumvi ya mashamba ya pwani hubaki na chembe za magnesiamu kutoka kwenye maji ya bahari, na hizo ndizo zilizokuwa zikilia ndani ya kopo la bibi. Bibi hakupoteza kitu kwa hilo. Maji yalipodondoka, chumvi iliyobaki ilikuwa safi kuliko ya awali.

Chumvi ya tangi la bahari haina bahati hiyo, maana ndani yake magnesiamu na kalsiamu zimewekwa kwa makusudi na kwa wingi. Humo mna pia potasiamu, salfati, borati, stronti kidogo, na bikabonati ya sodiamu, ambayo ni ileile soda ya kuokea mikate. Zikiwa kavu, chembe hizi hukaa pamoja kama abiria wasiofahamiana ndani ya basi. Unyevu ukiingia, magnesiamu na kalsiamu huvuta maji kwanza, na juu ya kila punje hutanda tone jembamba la maji makali ya chumvi. Ndani ya tone hilo kalsiamu hukutana na bikabonati, na matokeo ya kukutana kwao ni chokaa.

Chokaa hiyo haiyeyuki tena ndani ya maji ya bahari. Utakoroga siku nzima, nayo itabaki chini.

Nilipofika hapo nilielewa kwamba nilimjibu binti yangu kuhusu chumvi nyingine. Kama ndani ya ndoo kungekuwa na chumvi tupu, ile ambayo maduka ya samaki huiuza kwa ajili ya kutibu samaki wa maji baridi, ningekuwa sahihi: hiyo hukaa miaka hamsini, ikaganda, ukaiponda, ukaitumia. Hii ya bahari ni mchanganyiko, na kinachoweza kuharibika ni mchanganyiko wenyewe, hata kama kila kilichomo bado kimo.

## Chupa 77

Meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876, ikichota maji kila ilipopita. Mkemia William Dittmar alipewa chupa 77 za maji hayo azichunguze, na mwaka 1884 matokeo yake yakachapishwa. Maji ya sehemu moja yalikuwa na chumvi nyingi zaidi, ya sehemu nyingine chini kidogo, lakini uwiano wa kilichomo ndani ya chumvi hiyo ulikaribia kuwa uleule kila mahali. Palipokuwa na sodiamu kiasi fulani, magnesiamu na kalsiamu zilifuata kwa kipimo chao kilekile.

Uwiano huo ndio unaowezesha kuuza bahari ndani ya ndoo. Hata kabla ya Dittmar, mwaka 1854, Mwingereza Philip Henry Gosse alichanganya chumvi nne tu ndani ya maji matamu na kufanikiwa kuwaweka hai viumbe wa baharini mbali na bahari. Lakini viumbe wenyewe wameumbwa ndani ya uwiano uleule ambao Dittmar aliupima, na mchanganyiko wa kisasa hujaribu kuukaribia.

Katika kilo moja ya maji ya bahari mna gramu 35 za chumvi. Kama gramu 30 kati ya hizo ni sodiamu na kloridi. Magnesiamu ni takriban gramu 1.3, kalsiamu gramu 0.4, na bikabonati gramu 0.14 hivi, kiasi kinachoweza kukaa kwenye ukucha. Hicho kidogo ndicho hushikilia pH ya bahari, yaani kipimo cha uasidi wake, isiporomoke chini ya 8 pale samaki wanapopumua na mabaki ya chakula yanapooza. Na hicho kidogo ndicho hutangulia kupotea unyevu unapoingia ndani ya ndoo.

Jirani yangu, mzee ambaye hupita kila jioni akitoka kuwafunga mbuzi wake, aliniuliza kwa nini nisinunue chumvi ya mawe sokoni, kwani nayo imetoka baharini. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Maji ya bahari yanapokauka kwenye mashamba ya chumvi, chokaa hutangulia kushuka, ikafuata jasi, ndipo chumvi tunayoijua ikaganda, na wakulima wa chumvi hukusanya hiyo na kuyamwaga maji machungu yaliyobaki pamoja na magnesiamu na potasiamu zake. Ukiitia chumvi hiyo maji upya, huipati bahari uliyoikausha. Nikamweleza hivyo, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ni kama uji uliochujwa."

## Matone ishirini na moja

Ndoo zangu zilikuwa na kitu ambacho sikukithamini mwanzoni. Zilinunuliwa siku moja, zikakaa stoo moja, kwenye rafu moja, kwa miaka ileile. Tofauti yake ilikuwa mfuniko tu: mmoja uliwahi kufunguliwa mara nyingi na ulikuwa na ufa wenye urefu wa kidole, na mwingine ulikuwa bado na utepe wa kiwandani, na chini yake mfuko mnene wa plastiki uliofungwa. Kama miaka ndiyo inayoharibu chumvi, zote mbili zingekuwa zimeharibika sawa.

Jumamosi iliyofuata niliweka ndoo mbili za lita 20 jikoni, nikazijaza maji yaliyochujwa kwa mtambo wa utando, maana maji ya sehemu nyingi za Arusha hutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yakiwa na floridi, na sikutaka kupima kitu kingine pamoja na chumvi. Nilipima gramu 760 kutoka kila ndoo, yaani gramu 38 kwa lita, kwa sababu mchanganyiko huu hata ukiwa mzima hubeba maji kiasi ndani ya punje zake. Nilimimina chumvi ndani ya maji kidogo kidogo huku pampu ikizungusha. Ukifanya kinyume, ukamwaga maji juu ya chumvi, unatengeneza kwa dakika chache ule mkusanyiko mkali ambao hushusha chokaa, na unaweza kuiharibu chumvi nzima kwa mkono wako. Sikuwasha hita pia, kwa sababu joto husaidia chokaa kushuka.

Chumvi ya ndoo iliyofungwa ilikuwa imeganda upande mmoja, ikanitia hofu, nikaiponda kwa mchi ikiwa ndani ya mfuko. Ndani ya maji ilitoa ukungu kama maji ya kuoshea mchele, na baada ya saa mbili ukungu ukaondoka. Niliweka sarafu ya shilingi mia chini ya ndoo, na binti yangu akasoma kilichoandikwa akiwa amesimama.

Ile ya ndoo iliyofunguliwa haikutakata. Kesho yake, baada ya saa 24, maji yalikuwa yametulia lakini sakafu ya ndoo ilikuwa na unga laini mweupe, na pampu ilikuwa imevaa unga huohuo kama mashine ya kusagia nafaka.

Hapa nusura nifanye kosa ambalo lingeniharibia jaribio lote. Nilikuwa tayari nimeshika kichupa cha kupimia kalsiamu nilipokumbuka kupima kwanza ukali wa chumvi. Ndoo iliyofungwa ilisoma sehemu 35 kwa elfu. Iliyofunguliwa ilisoma 32, kwa uzito uleule wa chumvi. Sehemu ya kile nilichokuwa nimekipima kwenye mizani kama chumvi ilikuwa maji ya hewani yaliyonywewa kwa miaka. Kama ningelinganisha wakati huo, upungufu wa kila kitu ungeonekana ni uharibifu, kumbe mwingine ulikuwa uchache wa chumvi tu. Niliongeza gramu 70, nikasubiri, nikapima tena: 35.

Ndipo nikahesabu matone.

Kipimo changu cha kalsiamu huhesabu tone moja kuwa miligramu 20 kwa lita. Ndoo iliyofungwa ilibadilika rangi kwenye tone la 21, yaani miligramu 420, mahali pa bahari hasa. Iliyofunguliwa ilibadilika kwenye tone la 20. Nilirudia mara tatu, nikapata hivyohivyo, na nakiri moyo wangu ulifurahi, kwa sababu tone moja ni tofauti ambayo hata mkono wenye haraka unaweza kuifanya. Kwa dakika kumi niliamini kwamba ndoo zote mbili ni nzima, na kwamba ule unga wa chini ni uchafu usio na maana.

Kisha nikapima ualkali, ambao ndio hupima bikabonati na wenzake. Kipimo hicho huhesabu tone moja kuwa digrii moja. Ndoo iliyofungwa: matone 8. Iliyofunguliwa: matone 5.

Nilikaa na vichupa vile viwili, kimoja cha njano na kingine cha njano, ambavyo kwa macho havikuwa na tofauti yoyote, nikitafakari jinsi nilivyokaribia kuishia kwenye kalsiamu. Chokaa inapotengenezwa, kalsiamu na bikabonati hutoka pamoja, lakini bahari ina akiba kubwa ya kalsiamu na akiba ndogo ya bikabonati. Kupotea kwa digrii tatu za ualkali huondoka na miligramu 20 hivi za kalsiamu: tone moja huku, matone matatu kule. Ni tukio lilelile, ila upande mmoja halionekani.

Nilihamishia maji ya juu kwenye chombo kingine taratibu, nikaukusanya ule unga kwenye kisosi, nikauanika dirishani. Ulipokauka nilidondosha siki juu yake. Ulichemka, vipovu vidogo vikapanda na kupasuka, na binti yangu akasogeza uso karibu mpaka siki ikamfanya apige chafya. Ilikuwa chokaa, kitu kilekile cha matumbawe na makombe, kilekile kilichopakwa kwenye kuta za Mji Mkongwe. Ndani ya lita 20 kulikuwa na kama gramu moja tu. Gramu hiyo moja ndiyo iliyopaswa kuwa ndani ya maji.

## Gramu 1.8

Mtu anayefahamu hesabu hizi ataniuliza kwa nini nisirudishe kilichopungua, nami nilijiuliza hivyohivyo kwa siku kadhaa. Digrii moja ya ualkali ndani ya lita moja inahitaji miligramu 30 za bikabonati ya sodiamu. Digrii tatu, lita 20: gramu 1.8. Kijiko cha chai hakijai. Jirani yangu alipendekeza magadi, lakini magadi ya kwetu huku kaskazini hubeba floridi na mengine mengi, kwa hiyo nilichukua soda ya kuokea, nikaipima, nikaitia, na kesho yake kipimo kilisoma matone 8.

Nilidhani kazi imekwisha.

Hata hivyo nilikuwa nimechota chumvi ya tabaka la juu tu. Nilipochimba hadi chini ya ndoo ileile na kurudia kila kitu, ualkali ulisoma 7. Juu 5, chini 7, na katikati sijui wapi. Unyevu uliingia kwa ule ufa na kula kutoka juu kwenda chini, na kila mchoto ungekuwa na hesabu yake. Ningeweza kuiponda ndoo nzima na kuichanganya mpaka ifanane, au kupima kila ninapotengeneza maji, na kwa mtu mwenye subira hilo linawezekana. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaotupa chumvi nzima iliyoganda kidogo, na wengi wa hao hawana fedha za kutupa. Bonge peke yake si hukumu. Bonge linaloyeyuka likaacha maji maangavu, likafikia 35, likatoa ualkali ulioandikwa kwenye ndoo, ni chumvi nzima, hata kama ni la mwaka 2017. Zilizotiwa vitamini au dawa za kuondoa klorini zina jambo jingine, maana viungo hivyo huchakaa kwa muda hata bila unyevu. Zangu hazikuwa nazo.

Yupo aliyenishauri njia fupi: ninunue samaki mmoja wa bei rahisi, nimtie ndani, nisubiri wiki. Sikuweza. Samaki huyo naye ana uhai mmoja, na kufa kwake kusingeniambia ni nini kilichomuua.

## Rafu ya chini

Nilikuwa nimeamua kuiponda ndoo iliyofunguliwa na kuitumia kwa kubadilishia maji, taratibu, kwa kupima kila mara. Niliileta sebuleni, nikatandika turubai, nikaanza kuvunja. Mke wangu alipita na beseni la nguo, akasimama.

"Hiyo si ndiyo ndoo tuliyowekea dawa ya mahindi juu yake?"

Sikumbuki niliendelea kushika mchi kwa muda gani. Mwaka mmoja tuliweka magunia matatu ya mahindi stoo, na tukanunua dawa ya unga ya kuzuia dumuzi na fukusi. Pakiti ilipasuka. Tulifagia, tukafuta rafu, tukasahau, kwa sababu kwetu sisi ulikuwa unga kidogo wa dawa inayochanganywa na nafaka. Pakiti nyingine ya aina hiyo ilikuwa bado stoo, nikaenda kuisoma. Ilikuwa na permethrini.

Permethrini ni ndugu wa kutengenezwa wa sumu ya maua ya pareto, yale yanayolimwa kwetu kwenye nyanda za juu. Kwa binadamu ukali wake ni mdogo, ndiyo maana inaruhusiwa kwenye mahindi. Kwa samaki, kamba na kaa ni sumu kali mno, kwa kiasi kidogo ambacho hakuna kichupa cha matone kinachoweza kukiona.

Nilirudi kuuangalia ule mfuniko. Ndani ya ufa kulikuwa na vumbi. Inawezekana lilikuwa vumbi la stoo tu. Inawezekana hakuna hata punje ya dawa iliyopita. Nilikuwa nimetumia wiki nne kupima kila kinachopimika, nikiwa na daftari lenye kurasa saba za namba, na swali kubwa kuliko yote halikuwamo ndani ya daftari hilo hata kwa neno moja. Lilikuwa kwenye kumbukumbu ya mke wangu. Sikuwa nimemuuliza kwa sababu nilidhani ni suala la kemia.

Nikarudisha mfuniko.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu chumvi yake ya zamani, simuulizi tena ilinunuliwa lini. Namuuliza ilikaa wapi, karibu na nini, na nani mwingine anatumia stoo hiyo.

## Kutoka Moshi

Ndoo iliyofungwa niliiviringisha sakafuni kwa dakika kumi kabla ya kuichota, kwa kuwa punje ndogo hushuka chini kwa kutikiswa safarini, na sikutaka kuanza na tabaka moja. Kilo saba ziliingia kwenye tangi. Zilizobaki nilizigawa kwenye mifuko minene ya gramu 760, kila mmoja kwa lita 20, nikafunga, nikaandika tarehe. Tangi lilikaa na mawe yake wiki kadhaa, na nilipopima amonia, sumu itokanayo na uozo, haikuonekana, nikampigia simu rafiki yangu.

Alifika Jumapili saa nne asubuhi, samaki wakiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, iliyofungwa kwa blanketi kiti cha nyuma. Kabla ya kuifungua, alitoa mfukoni vipimo vyake mwenyewe, akaomba glasi ya maji ya tangi langu. Sikuona ubaya, mimi pia ningefanya hivyo. Alihesabu kwa sauti, na binti yangu akahesabu naye. Matone 8. Akauliza chumvi ni ya mwaka gani, nikamwambia, akaniangalia, kisha akapima tena.

Tulidondosha maji ya tangi ndani ya ndoo yake kwa mpira mwembamba, tone baada ya tone, zaidi ya saa moja. Jike aliingia kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma chini ya jiwe, na dume akamfuata. Hawakula siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta binti yangu ameshaamka, ameketi sakafuni na sare za shule, na jike alikuwa nje ya kona akichukua chakula juu ya maji.

Mzee jirani aliposikia kwamba nina ndoo ya chumvi nisiyoitaka, aliomba nimpe kwa ajili ya mbuzi wake. Nilimweleza kuhusu dawa ya mahindi, na nikamnunulia jiwe la chumvi ya mifugo. Ile ndoo siwezi kuimwaga bustanini kwa sababu ya migomba, wala mtaroni kwa sababu mtaro unaishia mtoni. Ipo stoo, rafu ya juu, peke yake, na binti yangu ameandika kwenye mfuniko kwa kalamu nyekundu: USITUMIE. MUULIZE MAMA.